Mfadhili Akikwama, Mwanafunzi Asiachwe Peke Yake

Wazazi, walezi na wahisani wenzangu, mitihani ya mwisho wa muhula inapokaribia, ofisi za fedha za vyuo vyetu hapa Kenya huwa na foleni ya vijana walioshika barua. Nyingi zinafanana: nembo ya shirika au kanisa, muhuri, kisha sentensi moja, "Tutagharamia masomo yake." Ni shilingi ngapi, kwa miaka mingapi, zitalipwa lini? Barua haisemi. Karani akifungua akaunti ya karo, salio limeandikwa jina la mwanafunzi, na kadi ya mtihani haitoki.

Ahadi ni deni, tumefunzwa hivyo tangu utotoni. Chuoni, deni hilo humwangukia aliyeahidiwa. Ni yeye aliyejaza fomu za kujiunga na kukubali masharti ya malipo. Mfadhili, mara nyingi, hajatia sahihi popote mbele ya chuo, kwa hiyo akiacha kulipa, chuo humdai mwanafunzi.

Kumfuata mfadhili nako kuna ugumu wake. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, kifungu cha 3, hairuhusu mtu ashtakiwe kwa ahadi ya kulipa deni la mwingine, ila ahadi hiyo au kumbukumbu yake iwe kwa maandishi, naye awe ameitia sahihi. Zile laki mbili zilizotangazwa kwenye kipaza sauti cha harambee, vigelegele vikapigwa, ni vigumu mno kuzidai mahakamani.

Wala si kila anayeshindwa ni mwongo. Biashara huanguka, wahisani hufariki, misaada hukatwa. Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliziagiza kaunti zisitoe basari bila makubaliano na serikali ya kitaifa. Suala hilo likafika kortini, huku familia zilizotegemea basari zikibaki njia panda. Mwanafunzi hakuwa na kosa lolote hapo, lakini deni la karo lilibaki kwa jina lake.

Basi nawaomba tugawane mzigo huu.

Wewe unayefadhili, andika kiasi, muda na tarehe za kulipa, utie sahihi, kisha nakala moja uipeleke chuoni na nyingine umpe kijana. Ukiona mambo yanakuendea mrama, sema mapema. Aibu ya kukiri umekwama hupita haraka. Muhula uliopotea humgharimu mwenzako mwaka mzima.

Mzazi mwenzangu, usiogope kuonekana huna shukrani kwa kuuliza maswali. Muulize mhisani kwa heshima: ukikwama, nani ataendelea? Kila mwezi mwambie mwanao afungue akaunti yake ya karo mkiwa pamoja, muone kilichoingia. Maombi ya mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, nayo yana tarehe ya kufungwa, kwa hiyo msingoje mfadhili atoweke ndipo mkimbie huku na huko.

Kwenu wakuu wa vyuo, najua mishahara na umeme havilipwi kwa huruma. Hata hivyo, malipo ya mfadhili yakikosekana, mwarifuni mwanafunzi wiki ile ile, msingoje asubuhi ya mtihani. Mkubalieni alipe kwa awamu na mwacheni afanye mtihani huku deni likiendelea kulipwa. Aliyehitimu akapata kazi ana uwezo zaidi wa kulipa kuliko aliyerudishwa nyumbani.

Nasi tuliochanga, kazi yetu haikwishia siku ya harambee. Wiki hii, mpigie simu kijana mmoja uliyemchangia, umuulize amebakiza karo kiasi gani. Ukikuta mfadhili wake ameingia mitini, waite wale wale mliokaa nao kwenye kamati ya harambee, mwende na kijana huyo kwa mkuu wa chuo mkaombe mpango wa malipo, angali ana muda kabla ya mtihani.