Taa haikuzimika, ilizimwa

Msimu wa mvua uliopita mama yangu mdogo, mkaaji wa Kamituga, alikaa gizani siku sita. Paneli ya jua ilikuwa juu ya bati, betri imejaa, na deni la mwezi lilikuwa limekwisha kulipwa. Nalijua hilo kwa sababu nililipa mimi mwenyewe, nikiwa hapa Bukavu, kwa simu yangu, na ujumbe wa kunishukuru nikaupata kabla sijairudisha simu mfukoni.

Taa ile ina kadi ya simu ndani yake. Huioni, imefungiwa katika sanduku la betri, na mwenye nyumba hajui hata namba yake. Kazi yake ni moja tu, kuuliza kampuni kama mteja amelipa. Ikijibiwa ndiyo, taa inaendelea kuwaka. Isipojibiwa mpaka siku zilizolipwa ziishe, inajifunga. Siku zile antena ya mtaani kwao ilikuwa kimya kwa kuwa jenereta yake ilikosa mazutu, na mazutu yalikosekana kwa kuwa malori yalikuwa yamekwama matopeni kwenye barabara ya taifa namba 2, zile kilomita karibu 180 ambazo kila aliyezipita wakati wa mvua ana hadithi yake. Basi taa iliuliza, haikujibiwa, ikafunga. Mama mdogo ni twangaise, mmoja wa wanawake wanaotwanga mawe ili kupata chembe za dhahabu. (Neno hilo, lenye mzizi wa Kiswahili na mkia wa Kifaransa, lingestahili makala yake katika jarida hili.) Mchana kutwa yuko kwenye kinu. Jioni ndiyo saa yake ya kupika, na ndiyo saa ya watoto kusoma. Wakarudia kibatari.

Siku ya saba rezo iliporudi, simu yake ilipokea ujumbe wa kampuni: kifaa chako kimezimika kwa kukosa malipo.

Wenzangu wa kitivo, tumefundishwa wote tofauti ya kuzimika na kuzimwa. Moto wa kuni huzimika ukikosa hewa; hakuna wa kulaumiwa. Kinachozimwa kina aliyekizima, hata asipotajwa. Taa ya mama mdogo ilizimwa. Kuna mtu aliyekaa ofisini, mbali na Kamituga, akaamua kwamba kimya cha mtandao kihesabiwe sawa na kutolipa, kisha akaandika uamuzi huo ndani ya kifaa. Ujumbe ukachagua kitenzi kinachomficha. Mama mdogo naye, mtu mwaminifu, aliposoma alianza kuniomba radhi mimi, akidhani pesa nilizotuma zilipotelea kwake kwa kosa lake la kubonyeza vibaya.

Nataka tulitazame jambo hili sisi tunaosoma lugha, maana wahandisi wanalitazama kwa upande wao na wanaliita maendeleo. Kwa sehemu ni maendeleo kweli. Simu ya mkononi iliingia nchi hii mapema, katikati ya miaka ya 1980, Telecel ilipoanza kazi Kinshasa, nayo ilikuwa simu ya mawaziri na matajiri. Mfumo wa GSM, ambao sisi tunauita 2G, ulianza kutumika Finland mwaka 1991. Ulitengenezwa kwa ajili ya watu kuongea. Hakuna aliyewaza taa, pampu ya maji wala friji ya chanjo. Lakini mashine haihitaji maneno mengi. Ujumbe mfupi una nafasi ya herufi 160, na taa ikitaka kusema "betri imejaa, nimelipwa?" haizifikii. Ndiyo sababu mtandao ule mzee, ambao vijana wa Bukavu wanaucheka wakiona herufi E kwenye kioo cha simu, ndio uliobeba vifaa vya kwanza vyenye kadi katika Afrika ya Mashariki. M-KOPA ilianza kuuza mitambo yake ya jua Kenya mwaka 2012, kadi ya simu ikiwa ndani, malipo yakipitia M-Pesa. Mtu asiye na akaunti ya benki wala hati ya kiwanja akapata mkopo, kwa sababu kifaa chenyewe kiliweza kufungwa kutoka mbali. Kufuli ndiyo dhamana. Hilo silikatai. Bila kufuli, mama mdogo asingepewa taa kwa kulipa kidogo kidogo.

Ninalolikataa ni kufuli isiyojua tofauti kati ya mdaiwa aliyekimbia na antena iliyokosa mazutu.

Na tofauti hiyo inawezekana. Jirani yake ana taa ya aina nyingine, isiyo na kadi ndani. Ina vibonyezo vya namba ubavuni. Ukilipa unapewa namba ndefu, unaibonyeza, taa inaikagua kwa hesabu iliyowekwa ndani yake, inajifungua. Haihitaji antena iwe hai pale ilipo. Katika siku zile zile sita, mpwa wa jirani alilipa Bukavu, akaandika namba kwenye kipande cha karatasi, akampa mtu wa pikipiki aliyekuwa anapanda Kamituga. Karatasi ilifika imelowa ukingoni, lakini namba zilisomeka, na taa ikawaka. Kwa macho ya muuzaji, taa ya mama mdogo ndiyo ya kisasa zaidi. Kamituga ilitoa hukumu nyingine.

Sasa huko kwingine mambo yanakwenda mbio. Juni 2016 shirika la 3GPP, ambamo viwango vya simu vya dunia hutungwa, lilikamilisha njia mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya vitu peke yake, iitwayo NB-IoT. Inatumia mkanda mwembamba wa masafa, kilohezi 200, sawa na njia moja ya 2G. Ishara yake inapenya mpaka chini ya ardhi kuliko ya simu ya kawaida, na kifaa kinachoamka mara chache kuongea kimekusudiwa kuishi kwa betri moja hata miaka 10. Viwango vya mwaka 2022 viliongeza uwezekano wa vifaa vya aina hiyo kuongea na setilaiti pasipo mnara wowote karibu. Mtu wa Kamituga akisikia hayo hawezi kukosa kutega sikio. Tuna mashimo, na mashimo yana maji. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua ilifurika katika mgodi uitwao Detroit, na watu takriban 50 wakafa ndani. Sisemi kipimo cha maji chenye kadi kingewaokoa. Nani angekiweka, nani angekisikiliza, na nani angekubali kutoka shimoni siku ya uzalishaji mzuri? Nasema tu kwamba kama kuna kitu ambacho ningependa kiongee usiku mvua inaponyesha, ni mdomo wa shimo, kabla ya taa yangu.

Lakini njia mpya ina bei yake, nayo ni kifo cha ya zamani. Masafa hayatoshi kwa wote, na makampuni yanataka kuyachukua yale ya 2G. Telstra ya Australia ilizima 2G yake Desemba 2016. AT&T ya Marekani ilifuata mwezi uliofuata, na mjini San Francisco mabasi yakatoweka kwenye vibao vinavyowaonyesha abiria saa ya basi kufika, kwa sababu vifaa ndani ya mabasi vilikuwa bado vinatumia 2G. Mji tajiri, wenye wahandisi kila kona, ulisahau. Orange nayo ilikwisha kutangaza mpango wa kuizima Ufaransa. Siku zamu hiyo itakapotufikia, kila taa yenye kadi ya 2G ndani itakuwa sanduku. Ambayo haijamaliza deni je, itajifunga milele? Mkataba wa mama mdogo hausemi. Niliusoma wote, kurasa nne za Kifaransa, ambacho yeye anakijua kwa kusalimia na kununua.

Tena kitu chenye kadi ni kitu kinachohesabika. Tunakumbuka RAM, ile daftari ya vifaa vya simu iliyoanza kukatwa kwenye yunite zetu mwaka 2020: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu kubwa. Watu walipiga kelele nchi nzima mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Tuliweza kupiga kelele kwa sababu tuliiona yunite ikipungua. Kifaa kisicho na kioo, kikikatwa, kitatuonyesha nini?

Kwa hiyo maombi yangu kwa wanaotuletea vifaa hivi si makubwa. Waviwekee siku za neema: mtandao ukinyamaza, taa ihesabu kwanza siku kadhaa kabla ya kufunga. Wavipe vibonyezo hata kama vina kadi, ili karatasi ya mtu wa pikipiki ifae. Na waandike kwa Kiswahili, kwa sarufi kamili: "Tumeizima taa yako kwa sababu hatujapata habari ya malipo. Kama umelipa, fanya hivi." Nafsi ya kwanza wingi, mtenda waziwazi. Anayesema "tumeizima" anaweza kuulizwa, na namba ya kumpigia lazima ifuate.

Mwenzangu mmoja wa darasa alinipinga: kampuni haitalipa mtafsiri kwa ajili ya wateja wa mgodini. Huenda. Lakini kampuni hiyo inapohubiri sokoni Kamituga, inahubiri kwa Kiswahili, tena kizuri, kwa kipaza sauti. Kiswahili kinajulikana wakati wa kuuza. Kinasahauliwa wakati wa kufunga.

Kwa vile kulalamika peke yake hakutoshi, nimeanza kuutafsiri ule mkataba. Wanafunzi wanne tunakutana Jumamosi baada ya maktaba kufungwa. Tumefika ukurasa wa tatu, kwenye kifungu kinachosema kampuni inaweza "suspendre le service à distance". Mmoja anataka "kusimamisha huduma kutoka mbali". Mwingine anasema huduma ni ya hospitali, hii ni taa, tuandike "kuizima taa yako bila kufika kwako". Mimi niko upande wa wa pili. Nilipompigia mama mdogo kumsomea zote mbili, ya kwanza alinyamaza. Ya pili akauliza, "Kumbe waliandika hivyo tangu mwanzo?"