Maswali Ambayo Mzee Kengo Hakuulizwa

Mahali pengi nchini mwetu, jina la mzee Kengo wa Dondo likitajwa, neno linalofuata halihusu kazi yake bali wazazi wake. Husemwa kwamba baba yake alikuwa Myahudi kutoka Poland na kwamba mama yake alikuwa na damu ya Kinyarwanda. Ni kweli, tena si siri: alizaliwa Libenge, katika Equateur, mwaka 1935. Lakini maongezi huishia hapo, kana kwamba kesi imekwisha kukatwa. Sisi tunaona kwamba hukumu ya namna hiyo inamdhulumu mtu mmoja, na papo hapo inalitia hasara taifa zima. Mtu aliyeongoza serikali yetu mara tatu, kwa jumla ya miaka ipatayo minane, hajaulizwa bado yale aliyostahili kuulizwa.

Ndugu vijana, wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, basi tukumbushane. Aliitwa Léon Lubicz hadi siku za ile siasa ya uhalisi, Mobutu alipoamuru kila raia aache jina la kigeni. (Ndiyo amri ile ile iliyomgombanisha Kardinali Malula na serikali, hata akalazimika kuishi Roma kwa muda mwaka 1972. Ninyi mnaoitwa leo Jean na Béatrice bila hofu, mjue kwamba jina liliwahi kuwa na bei.) Tangu mwaka 1968 Lubicz huyo, baadaye Kengo, alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Jamhuri, na alikaa katika kazi hiyo miaka kumi na miwili, wakati chama kilikuwa kimoja na neno la Rais lilikuwa juu ya sheria. Hapo pana swali la kwanza. Mwanasheria hodari aliyesimamia mashtaka katika nchi ya namna hiyo, alitetea nini na alinyamazia nini?

Baada ya kuwa balozi huko Ubelgiji, aliitwa nyumbani Novemba 1982 kuwa Waziri wa Kwanza; wakati ule cheo kiliitwa Kamishna wa Kwanza wa Serikali. Mwaka huo huo ilitoka ripoti ya Erwin Blumenthal, Mjerumani aliyekuwa ametumwa kusimamia Benki ya Zaire. Iliwaonya wakopeshaji kwamba fedha zao hazitarudi, kwa kuwa ulaji ulianzia juu kabisa. Kengo alipewa kazi ya kuwatuliza wakopeshaji hao. Septemba 1983 thamani ya zaire ilishushwa kwa zaidi ya robo tatu. Matumizi ya serikali yalikatwa, na maelfu ya walimu wakapoteza kazi. Shirika la Fedha la Kimataifa lilimsifu kama mwanafunzi mwema. Nyumbani, mzazi aliyepokea mshahara ule ule alikuta sokoni gunia limekuwa debe.

Sisi hatusemi kwamba ukali ule haukuwa na sababu. Nchi ilikuwa imefilisika, na anayeingia katika nyumba inayoungua hawezi kulaumiwa kwa kumwaga maji juu ya vitanda. Tunachouliza ni kwa nini maji yalimwagwa katika vyumba vya watoto tu. Kisu kilimfikia mwalimu wa shule ya msingi. Hakikufika katika jumba la Gbadolite. Je, Waziri wa Kwanza alijaribu kukifikisha huko akashindwa, au hakujaribu? Hili ndilo swali ambalo Mkongomani yeyote, wa kabila lolote, angekuwa na haki ya kumwuliza.

Oktoba 1986 Mobutu alitangaza kwamba ulipaji wa deni usipite asilimia 10 ya mapato ya mauzo ya nje, na Kengo akaondoka. Wakopeshaji walipokasirika, alirudishwa Novemba 1988. Mtindo unaonekana: wageni walipotaka kuona uso wa nidhamu, Kengo alitolewa nje, wananchi walipochoka, aliingizwa ndani. Kutumiwa hivyo mara mbili na kukubali mara ya tatu si jambo dogo.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka 1994, na hapo historia yake inagusana na ya Kanisa letu. Bunge la mpito lililomchagua liliongozwa na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo. Wafuasi wa Étienne Tshisekedi hawakukubali kamwe, maana Mkutano Mkuu wa Taifa ulikuwa umemchagua Tshisekedi mwaka 1992. Kwa maoni yetu walikuwa na hoja nzito. Hata hivyo serikali ya Kengo ilipunguza mfumuko wa bei, ambao mwaka 1994 ulikuwa umepita asilimia 9,000.

Lakini kilichofuata hatuwezi kukipita haraka, hasa sisi wa mashariki. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakimbizi zaidi ya milioni moja walikuwa wameingia Kivu. Aprili 1995 lile bunge la mpito lilipitisha azimio lililowaweka Wakongomani wengi wanaosema Kinyarwanda katika kundi moja na wageni. Agosti mwaka huo, askari wa serikali ya Kengo waliwarudisha Rwanda kwa nguvu maelfu ya wakimbizi, kabla zoezi hilo halijasimamishwa. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu ya Kusini aliwapa Wanyamulenge muda wa siku chache waondoke nchini. Serikali ya Kinshasa ilikuwa bado mikononi mwa Kengo.

Kisha vita vilianza, Uvira ikaanguka, Bukavu ikafuata, na Goma. Katika siku hizo hizo za kuanguka kwa Bukavu aliuawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekuwa amewatetea wakimbizi bila kuchoka. Huko Kinshasa wanafunzi waliingia barabarani wakidai Kengo aondoke. Hawakudai aondoke kwa sababu jeshi halikulipwa, wala kwa sababu serikali yake iliacha chuki ikue Kivu kwa miaka miwili. Walidai aondoke kwa sababu ya mama yake. Lile jiwe ambalo serikali yake iliacha lirushwe kwa maskini wa Masisi na Uvira lilimrudia yeye mwenyewe kichwani. Machi 1997, Kisangani ilipokwisha kutekwa, bunge lilimwondoa, akajiuzulu. Wiki nane hazikupita, Mobutu naye akakimbia.

Tazameni basi. Shtaka la damu lilimwumiza, na hapohapo likamwokoa. Lilimwumiza kwa kuwa lilimfanya mgeni katika nchi aliyozaliwa. Lilimwokoa kwa kuwa wote walioshughulika na nasaba hawakupata nafasi ya kudai hesabu ya walimu, ya askari na ya wakimbizi.

Ya baadaye mnayajua zaidi. Mei 2007 alichaguliwa kuwa rais wa Seneti kwa kura 55 dhidi ya 49, ingawa wengi walidhani mtu wa upande wa Rais angeshinda, akakaa hapo hadi mwaka 2019. Januari 2015, sheria ya uchaguzi ilipotaka kuufunga uchaguzi kwenye hesabu ya watu, na vijana wa rika lenu wakafa barabarani, Seneti aliyoiongoza ndiyo iliyolegeza fundo. Haki ni kumwandikia hilo pia katika daftari yake, tena kwa wino ule ule.

Mwaka 2021 mswada uliwekwa bungeni ili urais uwe wa wale tu ambao baba na mama wote wawili ni Wakongomani. Wapo vijana wa paroki zetu waliopiga makofi. Tunawaomba wafikiri juu ya mzee huyu. Mwaka 2011 aligombea urais, na wapiga kura wakampa chini kidogo ya asilimia 5. Sheria kama hiyo ingalikuwapo siku zile, jina lake lisingaliandikwa kwenye karatasi ya kura, na wale wengine wote wasingalipata nafasi ya kumkataa kwa sababu walizozichagua wenyewe.