Mastaa Wameshuka Pwani na Mbao Juu ya Gari, Aliyewaokoa Wamemkata Kwenye Video

Wadau, ile video ya mastaa kuteleza kwenye mawimbi mmeshaiona, hakuna haja ya kudanganyana. Ile yenye gari mbili, mbao zimefungwa juu kwa kamba, droni inapita angani, staa wa kiume kakaa dirishani shati wazi, kifua kinang'aa mafuta. Maandishi yakaja chini kwamba wao ndio wameuleta mchezo huu pwani ya Afrika Mashariki. Komenti zikajaa moto na mioyo. Kuna dada mpaka akaandika angezaliwa upya angependa awe ule ubao.

Haya. Ila kuna mtu hayumo kwenye ile video, na bila yeye isingekuwepo video wala huyo staa wa kuiposti.

Majina hayatajwi hapa, wanaojuana wanajuana. Mmoja ni msanii wa Bongo ambaye ngoma yake ilisumbua sana kwenye daladala. Mwingine mtangazaji wa Nairobi, yule anayecheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Kuna mchekeshaji wa kike, kuna mpiga picha, kuna warembo wawili, na kuna yule mshikaji wa msanii ambaye kazi yake haijulikani mpaka leo lakini kila safari yumo. Jumla saba. Walianzia Malindi mwezi wa nane, wakashuka Watamu, Kilifi, Mombasa, wakavuka Likoni kwenda Diani, wakatokea Lungalunga na Horohoro, wakaingia Tanga, Pangani, mpaka Dar. Safari tamu, nani abishe? Vijana kula bata na marafiki zao kwa hela zao si dhambi.

Shida iko hapo kwenye "hela zao".

Kwa mujibu wa chanzo kilichokuwa ndani ya gari la pili, walipofika Diani walimtafuta kijana wa pale anayefundisha watalii. Siku tatu, watu saba, mbao nne. Bei ikapangwa, kianzio kikatoka, iliyobaki wakasema watamalizana kabla ya kuondoka. Siku ya kwanza hakuna hata mmoja aliyeweza kusimama. Kijana wa watu alikuwa kwenye maji ya kifuani kutwa nzima, anashika ubao kwa nyuma, anavizia wimbi, anausukuma, halafu anazama haraka asiharibu picha. Irudieni ile video. Pale staa anaposimama kwa sekunde tatu na muziki unapandishwa, angalieni upande wa kushoto. Kuna mkono unaachia ubao. Huo mkono ndio kitu pekee cha yule kijana kilichosalimika kwenye kukata video.

Siku ya pili jioni ndipo pakachimbika.

Wengi wanaoishi mjini wanaiona bahari kama bwawa la hoteli, lipo tu muda wote. Pwani ya Diani ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufukwe. Ndani ya mwamba maji yametulia, nje ndiko mawimbi makubwa yanakovunjika, hasa msimu wa kusi. Maji yakijaa yanaupita mwamba na kuingia ndani. Yakianza kupwa lazima yatoke, na njia yao ni zile nafasi zilizokatika kwenye mwamba, wenyeji wanaziita milango. Sasa siku za mwezi mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, ndiyo bamvua yenyewe. Tofauti ya kujaa na kupwa pwani ile inazidi mita tatu. Hebu fikirieni maji yote hayo yanatafuta mlango mmoja wa kutokea. Hapo hata uwe muogeleaji wa aina gani, kushindana nayo ni kujisumbua.

Na jana yake hawa hawa waliposti mwezi umeiva kama sinia, wakaandika maneno ya mapenzi chini yake. Mwezi wameuona, kazi yake hawaijui.

Kijana aliwaambia mapema kwamba saa kumi na moja jioni hakuna kuingia, maji yanatoka, na mlango uko karibu. Mpiga picha akasema huo ndio muda wenye mwanga mzuri. Staa akasema "dogo, usituharibie, tumelipa". (Walikuwa wamelipa kianzio.) Akaingia. Bila jaketi la kujiokolea, maana linaficha kifua. Kamba ya mguuni aliikataa pia, eti inaonekana kama kitu cha watoto. Dakika chache ubao ukamponyoka na yeye akaanza kwenda nje, anapunga mikono, na kwenye gari wenzake wakadhani anapiga pozi, wakampungia. Huyu ni mtu ambaye kwenye maji ya shingo miguu haigusi chini anaita mama yake. Kijana alirukia ubao mwingine, akamfuata, akampandisha, na hakujaribu kurudi moja kwa moja kupambana na mkondo. Alikata pembeni, sambamba na ufukwe, mpaka walipotoka kwenye nguvu yake, ndipo akageuza kurudi. Walitokea mbali kabisa na pale walipoingilia, giza linaanza. Ubao ulioponyoka ulijigonga kwenye mwamba ukapata ufa.

Usiku huo staa hakula. Kesho yake asubuhi wakapakia wakaondoka siku moja kabla, na ile iliyobaki ikawa "tutakutumia tukifika Dar".

Hawajatuma. Kijana ameandika meseji ya kistaarabu kabisa, ya "bosi, habari za safari", akajibiwa kwa emoji ya mikono miwili iliyoungana, halafu kimya. Video ilipotoka hakutagiwa. Ukoaji haumo. Ufa wa ubao haumo. Kilichomo ni staa anatoka majini taratibu, maji yanamchuruzika, kama vile bahari ndiyo imeomba radhi.

Mashabiki wake wameshaanza kumkingia kifua. Eti ameitangaza pwani. Eti kijana amepata koneksheni. Koneksheni na nani, kama hata jina lake halipo? Koneksheni haijazi mtungi wa gesi. Mbao za mchezo huu si za kununua dukani Ukunda kama ndala. Nyingi ni mitumba iliyoachwa na watalii, ukiharibikiwa na mmoja unakaa miezi ukitafuta mwingine. Mtalii wa Ulaya akija palepale analipa, akiharibu ubao analipa, na wala hana wimbo redioni. Huyu wetu anayeimba kila siku kuhusu alivyotoka kwenye msoto, kamfanyia msotaji mwenzake vile vile alivyokuwa akilalamika kufanyiwa na mapromota. Watu wana kumbukumbu. Mahojiano yake ya kulia kwamba alipiga shoo akaambiwa "utapata jina" bado yapo mtandaoni.

Na hili la "kuuleta mchezo pwani" ndilo la kuchekesha kuliko yote. Malindi, walikoanzia wenyewe, mto Sabaki unamwaga udongo mwingi baharini, kwa hiyo ghuba ile haina ukuta wa mwamba kama Diani, na msimu wa kusi mawimbi yanafika mpaka mchangani. Watoto wa pale hawakungoja msanii afike na Alphard ndipo wajue kwamba wimbi linabeba mtu. Kipande cha ubao, kipande cha godoro, chochote kinachoelea. Huko magharibi ya Afrika, kwenye pwani ambayo leo ni Ghana, kuna Mzungu wa karne ya 17 aliyeandika jinsi watoto walivyokuwa wakizoeshwa bahari kwa kufungwa kwenye vipande vya mbao. Hawaii nako walikuwa nao tangu enzi za wafalme wao. Kisha mwaka 1966 ikatoka filamu ya Kimarekani, The Endless Summer, jamaa wawili wanazunguka dunia na mbao zao, wakapita Senegali na Ghana, na dunia ikaanza kuhesabu kuanzia pale. Yaani mchezo huu una kawaida: mgeni anakuja na kamera, mwenyeji anageuka mandhari. Tofauti sasa ni kwamba mgeni naye ni Mswahili mwenzetu.

Wangetaka mfano wa kuiga upo. Bureh, Sierra Leone, vijana wa kijijini wana klabu yao ufukweni, wanafundisha, wanakodisha mbao, mgeni anajua anamlipa nani. Mchezo wenyewe si wa mtaani tena, umeingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo. Kijana wa Diani anaweza kabisa kuwa kocha mwenye heshima yake. Lakini pwani ya Kenya akionekana na watalii anaitwa "beach boy", jina linalotamkwa kama tusi, askari wanamfukuza mchangani mwa hoteli kwenye bahari aliyozaliwa akaikuta. Staa mwenye wafuasi zaidi ya milioni angeandika mstari mmoja tu, "huyu ndiye mwalimu wangu", angembadilishia maisha. Mstari mmoja, bure, hata kianzio hautaki.

Kuna ubaya mwingine, na huu unawahusu ninyi mnaoshea. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Sikukuu yoyote Coco Beach inavyojaa mnaijua, na wengi wanaoingia majini pale hawajawahi kufundishwa kuogelea. Sasa mtoto wa Mbagala au Kayole ameona staa wake anaingia jioni, hana jaketi, hana kamba, anatoka anacheka. Atajuaje kwamba kati ya kuingia na kutoka kuna nusu saa imekatwa? Kama wangeiacha ile nusu saa, ingekuwa video bora zaidi ya zote alizowahi kuposti, na wale wanaopiga kelele kwamba wanatumia "jukwaa lao kuelimisha jamii" wangekuwa wameelimisha kweli kwa mara ya kwanza.

Haki itendeke kwa mmoja. Yule mchekeshaji wa kike, ambaye mtandaoni anatukanwa kila siku kwamba hachekeshi, walipofika Tanga alimtumia kijana hela kutoka mfukoni kwake, fungu lake na juu kidogo. Hakuposti. Wenzake walipojua wakamnunia, eti anawafanya waonekane wabaya. Kwenye picha za Pangani mtamwona kakaa peke yake pembeni anakula mihogo, mkajua alikuwa na mawazo ya mapenzi. Hakuwa na mapenzi yoyote, alikuwa amegombana na gari zima kwa ajili ya deni la watu sita.

Kwa hiyo msanii, mtangazaji, mpiga picha, warembo na wewe mshikaji usiyejulikana kazi yako: deni ni la siku zilizofundishwa, na ubao uliopasuka ni wa kulipwa mzima. Kuhusu kuokolewa kijana hajadai hata senti. Namba yake mnayo, ndiyo ile mliyoijibu kwa mikono ya kuomba.

Sehemu ya pili ya video wametangaza inatoka Ijumaa. Chanzo kinasema jioni ile ya Diani droni ilikuwa hewani muda wote, betri ilikuwa imejaa, na picha zote zipo.