Pazia Si Kufuli



Katika nyumba nyingi za Waislamu hapa Nakuru, tangu Bondeni hadi Njoro na Gilgil, kompyuta imechukua nafasi ya sanduku la bibi. Ndani yake mna picha za harusi za upande wa wanawake, vyeti vya watoto, hati za mirathi, na pengine orodha ya mafukara wanaopewa zaka.

Wengi wetu huweka neno la siri, kisha tukatulia tukidhani sanduku limefungwa. Sivyo. Neno la siri la kuingilia humzuia tu anayeketi mbele ya kioo. Aliyeishika mashine yenyewe, awe mwizi au fundi, aweza kuiwasha kwa programu iliyomo katika flashi, au akafungua skrubu, akaichomoa diski na kuiunganisha na mashine nyingine. Faili zikasomeka, na neno lile halikuulizwa. Hilo ni pazia la mlangoni: lamzuia mwenye haya, halimzuii mwenye nia mbaya.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta yamwekea anayeingia bila ruhusa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini hukumu huja baada ya stara kuvunjika, na picha iliyokwisha kusambaa hairudi.

Kufuli la kweli ni kuifumba diski yenyewe, yote yaliyomo yawe fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Mashine nyingi za Windows zina BitLocker au kinachofanana nayo. Za Apple zina FileVault. Ufunguo wa dharura wa BitLocker una tarakimu 48. Na uandikwe karatasini, uwekwe mbali na mashine, kwani funguo zote zikipotea hata mwenyewe hatafungua.

Tukienda kwa fundi, naye tukampa neno la siri, kufuli tumelifungua kwa mikono yetu. Kama ubovu ni wa kioo au betri, na tumwombe aichomoe diski mbele yetu, tubaki nayo. Kama ni wa programu, tukae hapo hadi amalize.

Fundi naye ajue kwamba kutazama kisichomhusu ni khiyana. Dini imetufunza kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na faili zake ni nyumba pia. Nasi tuliokabidhiwa siri za mafukara hatuzimiliki. Tumezibeba tu, na tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.