TOPE LIKAMULIWE KWANZA, ARDHI BAADAYE

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*



Mwenye mwalo ameomba serikali ya kijiji imwongezee ardhi ya bwawa la marudio, kuelekea majarubani. *Tawi linapinga.* Na tusipakaziwe kwamba tunapinga wachimbaji. Wengi wetu tunakula kwa karasha.

Tunaambiwa "tope litakauka lenyewe". Si kweli. Jiwe lililosagwa likawa unga halitulii upesi majini: chembe ikipungua upana kwa nusu, kasi yake ya kuzama inabaki robo. Zile za mfinyanzi zinaelea siku nyingi. Juu bwawa linafanya ukoko, ng'ombe akikanyaga anazama. Na maji yaliyonaswa humo yana sayanaidi, tena yana dhahabu iliyokwisha kuyeyuka. Yaani tajiri anamwaga mali yake pamoja na sumu, halafu anatuomba sisi mahali pa kumwagia!

Dawa ipo. Mama zetu wakichota maji ya lambo hutia shabu, tope likashikana na kuzama. Migodini hutia dawa ya kushikanisha chembe kwenye tangi la kutuamisha, kisha tope zito linaingia kwenye mashine yenye vitambaa na kukamuliwa kama tui. Linatoka bonge la kubeba kwa koleo, maji yanarudi kazini. Mashine hiyo ni ghali, hatubishi. Basi wenye mialo wachangie moja.

Wanaosema bwawa ni salama wakumbuke mkoani kwetu, mgodi wa almasi wa Mwadui: tarehe 7 Novemba 2022 kingo zilipasuka, tope likaingia mashambani na kwenye nyumba za watu. Kule Brumadinho, Brazili, tarehe 25 Januari 2019, walikufa watu 270. Hao walikuwa na wahandisi. Sisi tuna kingo za viroba, na mvua za Novemba hazina simile.

Mkutano mkuu wa kijiji ni Jumamosi, saa 4 asubuhi. Tufike wote, hasa wenye majaruba. Msimamo ni mmoja: ardhi isitolewe mpaka mashine ionekane kwa macho. Ukipewa soda, kunywa. Mkono usinyooshe.

*Imetolewa na:*
Katibu Mwenezi wa Tawi