Plastiki ya Ukutani

Nasema waziwazi, na atakayechukia achukie: ile miraba na miduara inayong'aa kwenye mapokezi ya hoteli zetu hapa Kalangalala si mchoro. Ni picha ya picha. Mashine imechapa, ikagandishwa nyuma ya bamba la plastiki angavu, basi. Muuzaji akitamka "akriliki", mnunuzi anadhani ni rangi ya akriliki iliyopakwa kwa brashi, kumbe akriliki ndiyo hiyo plastiki yenyewe! Chungulia kwa ubavu, ndugu msomaji. Hutaona alama ya brashi wala donge la rangi. Utaona sura yako.

Simkatazi mtu kununua nakala. Kijana anayebandika Kandinsky wa karatasi chumbani kwake namuunga mkono. Kandinsky alikufa 1944, na nauli ya kwenda kuziona kazi zake Ulaya hatuna. Hata riwaya unayosoma ni nakala. Lakini huyo kijana anajua ni nakala, na analipa bei ya nakala. Ugomvi wangu ni na mwenye pesa ya dhahabu anayelipa bei ya kazi ya mkono, kisha anamwambia yule mchoraji wa mabango ya saluni: "Wewe unachora vikatuni."

Vikatuni! Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 pale Dar es Salaam, kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Alipouawa kwa risasi ya polisi 1972, tayari alikuwa ameanzisha mtindo unaobeba jina lake mpaka leo. Na kama hoja ni kwamba wanyama wake si sanaa dhahania, haya, Wamakonde je? Wana mtindo wa mawingu, mpingo uliochongwa ukajipinda usifanane na mtu wala mnyama. Picasso mwenyewe alivikodolea macho vinyago vya Afrika jijini Paris 1907, miaka ileile akivunjavunja sura za watu kwenye turubai. Tunauziwa mjukuu aliyepigwa pasi, na babu yupo nyumbani hana mnunuzi!

Wengine watasema mchoraji wa hapa anachelewesha, halafu anataka advansi. Kweli anataka, bwana, kwa sababu kopo la rangi halikopeshwi. Mpe ukuta mmoja tu, aandike na jina lake kwenye kona. Kwenye zile plastiki nimetafuta jina la mtu, nikakuta namba ya bidhaa.