Bunduki ya Upepo Si Zawadi ya Mtoto



Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi,

Likizo ya shule ikifika, vijana wetu hapa Kabuga hushuka mabondeni na manati zao shingoni. Hilo si jipya, na wengi wetu tulilifanya tulipokuwa wadogo. Jipya ni kwamba manati sasa haitoshi. Vijana wanaonyeshana kwenye simu watu wa Ulaya na Marekani wakiangusha njiwa na sungura kwa bunduki ya upepo, na wapo wanaowaomba jamaa zao walioko nje wawaletee moja. Tulipowauliza walitupa hoja tatu: uwindaji ni halali, ndege ni waharibifu wa mazao, na bunduki hiyo ni ya kuchezea tu. Sisi tunasema wazi: hoja ya kwanza wameishika nusu, ya pili wamekosea dawa, na ya tatu si kweli.

Uwindaji ni halali, lakini una masharti

Hakuna Mwislamu awezaye kuharamisha alichokihalalisha Allah (S.W.). Kuwinda kumetajwa katika Suratul Maida, na Mtume (s.a.w.) alimfundisha Adiyy bin Hatim (r.a.) hukumu zake. Tatizo ni kwamba vijana wameipokea ruhusa na kuyaacha masharti. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 3, ameharamishwa pamoja na nyamafu yule mnyama aliyekufa kwa kupigwa. Na Adiyy alipouliza juu ya windo la gongo la kurusha, alijibiwa kuwa lililochomwa kwa ncha yake liliwe, na lililokufa kwa pigo la ubavu wake lisiliwe. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Sasa itazameni bunduki ya upepo. Haina baruti. Hewa iliyobanwa ndiyo inayosukuma kirisasi chenye upana wa milimita 4.5 au 5.5, na uzito wake kwa kawaida ni kati ya nusu gramu na gramu moja hivi. Mara hutoboa, mara huvunja bawa tu na ndege akafa kwa pigo. Hata neno letu "bunduki" asili yake ni Kiarabu, na bunduqa ilikuwa kidonge cha udongo cha kupigia ndege. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamesema ndege aliyeuawa na kidonge hicho haliwi, isipokuwa akikutwa hai akachinjwa. Ilipokuja risasi ya baruti kukawa na khitilafu, na Imamu Ash-Shawkani wa Yemen aliona inafaa kwa sababu inapenya. Tunaiheshimu khitilafu hiyo. Lakini kijana wa miaka 13 aliyesimama matopeni, ndege kaangukia majini, atajuaje kilichomuua? Mtume (s.a.w.) alimkataza Adiyy kula windo lililoanguka majini, kwa kuwa hajui kama limeuawa na maji au na mshale wake.

Mama mmoja wa hapa kwetu aliletewa na mwanawe njiwa watano waliofungwa miguu kwa uzi. Akamuuliza, "Umewachinja?" Kijana akajibu kuwa aliwaokota wamekwisha kufa. Mama akawatupa wote, na mtoto akanuna siku mbili. Tunasema mama yule alifanya sawa. Hebu tujiulize, ni nyumba ngapi ambamo swali hilo haliulizwi, na kibudu kinaingia chunguni kwa Bismillahi?

Na asiyekula je? Huyu hali yake ni mbaya zaidi. Imepokewa na An-Nasai kuwa mwenye kumuua shomoro bila ya haki ataulizwa na Allah Siku ya Kiyama, na haki yake ni kumchinja na kumla, si kumkata kichwa na kumtupa. Ibn Umar (r.a.) alipowakuta vijana wamemfunga ndege wanamlenga kwa mishale, aliwaambia kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Ndugu zetu, wale nao walikuwa vijana wanacheza!

Mkulima hasaidiwi kwa kuua ndege mmoja mmoja

Hoja ya pili ina ukweli ndani yake. Mkulima wa mpunga na mtama, kuanzia mabonde yetu hadi Rwamagana, anajua maumivu ya kuona suke limebaki makapi. Shari ya ndege tunaikubali. Kunguru ametajwa katika hadithi miongoni mwa viumbe vitano vinavyoruhusiwa kuuawa hata katika Haram. Na Mwislamu akipanda, ndege akala, imeandikwa kwake sadaka, lakini hilo halimkatazi kulinda shamba lake.

Tunachopinga ni kudanganyana kuhusu dawa. Mwezi wa Januari 2023 kwelea kwelea walipovamia mashamba ya mpunga ya Kisumu, Kenya, walihesabiwa kwa mamilioni, na serikali ililazimika kunyunyizia dawa. Kijana na bunduki yake inayotoa kirisasi kimoja kwa wakati mmoja angefanya nini pale? Kunguru wa India, walioletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wale taka, hadi leo wanaisumbua pwani yote, na mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa milioni moja. Kazi hiyo ni ya serikali na wataalamu. Haimalizwi na wanafunzi walio likizoni.

Ukitaka mfano mwema, utazame Kondoa, Tanzania. Watu wa huko wanawatega kwelea kwelea kwa ajili ya kitoweo. Anayenaswa wavuni anakamatwa hai, na aliye hai huchinjwa kwa jina la Allah. Hapo shamba limepona na chungu kimepata halali.

Na kuna jambo linalotuuma zaidi ya ndege. Wapo watoto wanaokosa shule msimu wa mavuno kwa sababu wanashinda shambani wakigonga makopo. Pesa ya bunduki moja ingenunua nyavu na kumlipa mtu mzima alinde, mtoto arudi darasani. Huo ndio msaada kwa mkulima.

Si kitu cha kuchezea

Wanasema haiui mtu. Mwaka 2005, mjini Glasgow, mtoto wa miaka 2 alifariki baada ya kupigwa kichwani na risasi ya bunduki ya upepo. Scotland ikatunga sheria mwaka 2015, na tangu mwisho wa 2016 huko mtu hamiliki bunduki hiyo bila leseni. Wenyewe waliozizoea wameona haja ya kuzifungia, nasi tuzipokee kama pipi za Idi?

Miaka zaidi ya 1400 iliyopita Mtume (s.a.w.) alikataza kufyatua vijiwe kwa vidole, kwa kuwa haviwindi windo wala havimdhuru adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Abdullah bin Mughaffal (r.a.) alimwonya jamaa yake juu ya jambo hilo, na alipomwona amerudia, aliapa kutosema naye. Ikiwa hilo ni juu ya kijiwe cha kidole, tuseme nini juu ya risasi katika mitaa yetu iliyosongamana, watoto wakipita na madumu ya maji?

Tena nchini Rwanda silaha zina sheria yake ya mwaka 2018, na viumbe wa porini wana sheria ya bioanuwai ya mwaka 2021. Anayemwambia ndugu yake aifiche bunduki katika sanduku la safari anamtakia matatizo uwanja wa ndege.

Wazazi, tufanye nini?

Kwanza, wajulisheni jamaa walioko nje kuwa zawadi hiyo hatuitaki. Pili, ndege akiletwa nyumbani, ulizeni kachinjwa na nani, na alikuwa hai? Tatu, walimu wa madrasa wasomeshe mlango wa uwindaji na uchinjaji kabla ya likizo, kwani wengi wanaufahamu baada ya kosa. Nne, wapelekeni vijana Nyandungu, bonde lililokarabatiwa na kufunguliwa kuwa bustani mwaka 2022, njiani kwenda mjini. Wakawaone ndege wakiwa hai, na wajue kuwa nao ni umma kama sisi.

Nanyi wanafunzi, msituone tunawanyima raha. Kulenga shabaha ni sunna iliyohimizwa. Lengeni kopo au gogo, mzee akisimamia. Kiumbe anayepumua mwacheni, mpaka mtakapokuwa na haja ya kweli, kisu kikali na elimu.

Tunamuomba Allah atupe riziki ya halali na atulindie macho ya watoto wetu. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.